Dola Milioni 130 za Sandtown: Ruzuku Zilijenga Nini, na Zilizidiwa na Nini

Miji ya Marekani iliyodhoofika baada ya viwanda kufungwa imepokea ruzuku za kila aina kwa zaidi ya nusu karne, lakini ni mitaa michache iliyopewa fedha nyingi, na kwa mpango wenye nia pana, kama Sandtown-Winchester, mtaa wa vitalu 72 vya nyumba ulioko magharibi mwa Baltimore, jimbo la Maryland. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kwa takribani muongo mmoja uliofuata, zaidi ya dola milioni 130 za serikali ya shirikisho, za jimbo, za jiji, za wakfu na za makanisa ziliingia humo, na nyumba zaidi ya 1,000 zikajengwa au kukarabatiwa. Hata hivyo, Aprili 2015, Freddie Gray, kijana wa miaka 25 aliyekamatwa na polisi katika eneo hilohilo, alipofariki kwa majeraha aliyoyapata akiwa mikononi mwao, kamera za dunia nzima zilionesha mtaa ambao karibu theluthi ya nyumba zake zilikuwa tupu, na ambamo zaidi ya nusu ya watu wa umri wa kufanya kazi hawakuwa na ajira.

Wengi walihitimisha palepale kwamba fedha zilipotea bure. Hitimisho hilo limerudiwa mara nyingi kiasi cha kugeuka hoja dhidi ya kila ruzuku ya kufufua mtaa, na kwa maoni yangu limekosea mahali pa kutazama. Ruzuku za Sandtown zilifanya kwa kiasi kikubwa kile zilichopangiwa kulipia, yaani nyumba. Kilichoziangusha ni kwamba, wakati zinaingia mtaani, fedha nyingine za umma na za benki zilikuwa zikifanya kazi ya kubomoa katika vitalu vilevile, na hakuna mtathmini wa mradi aliyetakiwa kuziweka katika hesabu moja.

Ili kuelewa mzigo uliobebeshwa mradi huo, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ndogo iliyogawa vitalu vya makazi kwa misingi ya rangi, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, na miji mingine ikaiga. Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria za namna hiyo mwaka 1917, lakini kazi yake ilichukuliwa na mikataba ya viwanja iliyozuia kuwauzia watu Weusi, kisha na ramani za mikopo za miaka ya 1930, ambazo ziliyapaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu kama maeneo hatari kwa mkopeshaji. Familia zilizokusanyika Sandtown, pembeni mwa Pennsylvania Avenue iliyokuwa moyo wa biashara na muziki wa Wamarekani Weusi wa mji huo, zilikuwa zikifanya kazi bila kupata mikopo ambayo familia nyingine zilitumia kujenga urithi wa watoto wao.

Kazi zenyewe zilikuja kutoweka. Kiwanda cha chuma cha Sparrows Point, kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1950, kilipunguza watu mwaka hadi mwaka mpaka kikafungwa kabisa mwaka 2012. Wakazi wa Baltimore walikuwa 949,708 mwaka 1950. Mwaka 1990 walikuwa 736,014, na mwaka 2020 walifikia 585,708. Mji uliojengewa watu karibu milioni moja ulibaki na majengo, mabomba na barabara zilezile, huku walipa kodi wakipungua kwa zaidi ya theluthi.

Jibu la kwanza la viongozi wa jiji lilielekezwa katikati ya mji, na ndiyo sababu kisa cha Sandtown hakiwezi kutenganishwa na kile cha bandari ya ndani. Mjenzi James Rouse alifungua Harborplace Julai 1980, mabanda mawili ya maduka na mikahawa kando ya maji, kwenye ardhi ya jiji ambayo wapiga kura walikubali itumike katika kura ya mwaka 1978. Hoteli ya Hyatt iliyosimama jirani ilijengwa kwa msaada wa ruzuku ya shirikisho kutoka mfuko wa maendeleo ya miji ulioanzishwa mwaka 1977, mfuko ambao mantiki yake ilikuwa kwamba dola ya umma ikitangulia, dola za binafsi zitafuata. Zilifuata kweli. Watalii walijaa, miji mingine ikatuma wajumbe kujifunza, na Baltimore ikasifiwa kama mfano wa mji unaofufuka. Ila ajira zilizopatikana pale zilikuwa hasa za kuhudumia wageni, zenye ujira mdogo kuliko ule wa chuma, na kodi iliyoongezeka haikutosha kuufikia upande wa magharibi, ambao hauko hata kilomita tano kutoka kwenye maji hayo.

Rouse mwenyewe aliliona hilo, na hapa anastahili heshima. Alikuwa ameanzisha wakfu wa Enterprise mwaka 1982 kwa ajili ya makazi ya watu wa kipato cha chini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliungana na Meya Kurt Schmoke, meya wa kwanza Mweusi kuchaguliwa na wapiga kura wa jiji hilo, kufanya jambo lisilowahi kujaribiwa kwa kiwango hicho: kubadilisha mtaa mmoja kwa kila upande na kwa wakati mmoja. Wakazi waliitwa kwenye vikundi vya kupanga makazi, elimu, afya, ajira na usalama, na shirika lililoitwa Community Building in Partnership likaundwa kuuendesha mpango. Tayari muungano wa makanisa uitwao BUILD ulikuwa umesukuma ujenzi wa nyumba zaidi ya 200 za kuuzwa kwa familia za kipato cha chini, kwa kutumia mfuko wa shirikisho wa Nehemiah, ambao ulimpa mnunuzi mkopo wa pili usio na riba wa hadi dola 15,000 ili rehani yake ya kwanza iwe ndogo. Habitat for Humanity nayo, kupitia kanisa dogo lililokuwa na makao ndani ya mtaa, ilianza kukarabati nyumba moja baada ya nyingine na kuziuza kwa wakazi waliotoa jasho lao kama sehemu ya malipo.

Mantiki ya ruzuku hizi inaeleweka vizuri zaidi ukitazama nyumba ya Baltimore yenyewe. Ni nyumba ya matofali, nyembamba, iliyoungana ukuta kwa ukuta na jirani zake katika safu ndefu. Paa la mmoja likitoboka, maji huingia kwa wa pili. Mmoja akiondoka na mabomba yakapasuka wakati wa baridi, ukuta wa jirani huanza kubomoka naye yuko ndani. Tena, mtu akitaka kuikarabati nyumba iliyoachwa, gharama huzidi bei atakayouzia. Tuchukue mfano: ukarabati ukigharimu dola 150,000 na nyumba ikauzwa kwa dola 80,000, hakuna benki itakayokopesha zile 70,000 za katikati, kwa kuwa hakuna dhamana inayozifunika. Pengo hilo ndilo lililozibwa na ruzuku. Msimamizi wa fedha za umma akisaini kulipia pengo, hatoi zawadi kwa mjenzi. Analipia thamani ambayo ubaguzi wa miongo mingi uliiondoa kwenye matofali yale.

Lakini pengo lina tabia ambayo waliobuni mpango wa Sandtown walitarajia kuishinda na hawakuishinda. Matumaini yalikuwa kwamba nyumba za kwanza zikikamilika, bei za safu nzima zitapanda, pengo litapungua, na mwishowe soko litaendelea lenyewe. Hilo linaweza kutokea pale ambapo nyumba nzuri zinafuatana bila kukatika. Katika vitalu 72 vyenye mamia ya nyumba tupu zilizotapakaa, ukarabati ulifuata upatikanaji wa hati miliki, na hati zilipatikana ovyo: nyumba hii ya jiji, ile ya marehemu asiyejulikana warithi wake, nyingine imefungwa na madeni ya kodi na maji yanayozidi bei yake, kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeinunua kwenye mnada wa kodi. Nyumba iliyopendeza ikajikuta katikati ya magofu mawili. Mkadiriaji wa bei alipokuja, aliyaandika magofu, na nyumba iliyofuata ikahitaji ruzuku kubwa vilevile kama ya kwanza.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kiutawala. Mipango iligusa elimu, afya na ajira, ila fedha nyingi zaidi zilikuwa za nyumba, kwa sababu sheria za shirikisho zilizokuwepo zilijua kulipia nyumba. Ruzuku ya jumla ya maendeleo ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1974, nafuu ya kodi kwa nyumba za kipato cha chini ya mwaka 1986 na mfuko wa HOME wa mwaka 1990 zote zina fomu, wakaguzi na vipimo vilivyozoeleka, na kipimo kikuu ni idadi ya nyumba zilizokamilika. Nyumba inaweza kupigwa picha na kukatiwa utepe kabla mwaka wa fedha haujaisha. Mtu mwenye umri wa miaka 40 aliyepoteza kazi ya kiwandani, asiye na gari, katika mji ambao ajira mpya zilikuwa zikihamia kwenye vitongoji vya nje, hana fomu inayomtosha. Mwaka 1994 Baltimore ilipata ruzuku ya dola milioni 100 ya maeneo ya uwezeshaji, iliyokusudiwa ajira na biashara, lakini kiasi hicho kiligawanywa katika sehemu kadhaa za jiji kwa miaka 10. Ukilinganisha na ujira uliokuwa ukitoka Sparrows Point kila wiki mbili katika enzi zake, ni fedha kidogo sana.

Hata hivyo, mambo haya mawili yasingetosha kuueleza mtaa tulioonyeshwa mwaka 2015. Sehemu inayobaki ya maelezo iko kwenye bajeti ambazo hazikuitwa ruzuku. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1999 utawala mpya wa jiji ulichukua sera ya polisi ya kutovumilia kosa lolote, na mwaka 2005 Baltimore, yenye watu wapatao 640,000, iliandika ukamataji zaidi ya 100,000, mwingi wake kwa makosa madogo. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Agosti 2016 ilionesha kwamba takribani asilimia 44 ya kusimamishwa kwa watu na polisi kulifanyika katika wilaya mbili ndogo zenye wakazi wengi Weusi, ambazo zina asilimia 11 tu ya watu wa jiji; mojawapo ni wilaya ya magharibi, ambamo Sandtown imo. Kila ukamataji huacha rekodi, na rekodi humfuata mtu kila anapoomba kazi au nyumba ya kupanga. Mradi uliokuwa ukijenga nyumba za kuuzia familia changa ulikuwa ukinyang'anywa wanunuzi wake na idara nyingine ya serikali ileile.

Gharama yake inajulikana. Uchambuzi uliotolewa mapema mwaka 2015 na Justice Policy Institute ulikadiria kwamba jimbo la Maryland lilikuwa likitumia takribani dola milioni 17 kila mwaka kuwaweka gerezani wakazi 458 wa Sandtown-Winchester na Harlem Park iliyo jirani. Weka hiyo kando ya dola milioni 130. Kwa kasi hiyo, chini ya miaka minane ya magereza ingelingana na fedha zote zilizowahi kuingia kufufua mtaa, na tofauti ni kwamba zile za magereza hazikuwa na mwisho wa mradi, hazikuhitaji andiko la kuomba, wala hazikufuatwa na mtu wa kuuliza zimeuachia mtaa nini. Ninaposoma kwamba Sandtown ni ushahidi kuwa fedha haziwezi kuokoa mtaa, natamani mwandishi angeanza na mizania hii. Uwekezaji mkubwa wa kudumu uliofanywa Sandtown ulikuwa ni wa kuwaondoa watu.

Kisha zikaja benki, zamu hii kwa kukopesha mno. Mtaa ulionyimwa mikopo kwa miongo ulifikiwa miaka ya 2000 na mikopo ya riba kubwa iliyoelekezwa kwa wakopaji wa maeneo ya Weusi. Mwaka 2008 jiji la Baltimore liliishtaki benki ya Wells Fargo kwa madai hayo, na mwaka 2012 shauri lilimalizwa kwa makubaliano makubwa pamoja na Wizara ya Sheria, bila benki kukiri kosa. Nyumba zilizonyang'anywa kwa kushindwa kulipa rehani zilirudi kuwa tupu, na kwa kuwa zimeungana ukuta kwa ukuta, zilirudi na majirani zao.

Wakati mikopo hiyo inaanza kuharibika, mradi haukuwa tena na mwenye kuutetea. Rouse alifariki mwaka 1996. Schmoke aliondoka madarakani Desemba 1999. Shirika lililoundwa kuuendesha mpango lilidhoofika na kufungwa, na kilichobaki kilikuwa wamiliki wa nyumba, kila mmoja na rehani yake, bila chombo cha pamoja chenye ardhi wala mapato. Nadhani hili ndilo kosa la muundo ambalo lingeweza kuepukika hata kwa fedha zilezile. Huko Boston, wakazi wa Dudley Street katika eneo la Roxbury walianzisha shirika lao mwaka 1984, wakaweka viti vya bodi kwa uwiano sawa kati ya jamii kuu za mtaa, na mwaka 1988 wakapewa na jiji mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyoachwa katikati ya mtaa wao. Ardhi ikawekwa kwenye amana ya jamii: mtu anamiliki nyumba, amana inamiliki kiwanja chini yake na kudhibiti bei ya kuuzia. Boston ni mji wenye uchumi ulio tofauti sana, na sidai kwamba matokeo yangekuwa yaleyale. Ila ardhi iliyo mikononi mwa amana haiondoki meya anapoondoka, na mwenye nyumba aliyebanwa na deni ana mahali pa kubisha hodi kabla benki haijafika.

Inafaa pia kusemwa kwamba upande wa bandari, uliosifiwa kwa kujitegemea baada ya ruzuku ya mwanzo, nao haukujitegemea. Harborplace ilipita mikononi mwa wamiliki wa mbali, ikakosa matunzo, maduka yakafungwa, na mwaka 2019 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Mpango wa sasa wa kuibomoa na kujenga upya, ambao wapiga kura waliufungulia njia Novemba 2024, unategemea fedha nyingi za umma kwa ajili ya barabara, bustani na kingo za maji. Hakuna anayeandika kwamba maduka ya kando ya bahari yamethibitisha ubatili wa fedha za umma. Mitaa maskini peke yake ndiyo inayotakiwa kupona kwa dozi moja.

Baada ya 2015 fedha zilirudi, kwa sura nyingine. Januari 2016 Gavana Larry Hogan alitangaza dola milioni 75 za jimbo, hasa kwa kubomoa magofu. Kubomoa kuna nafasi yake, kwa maana gofu linalokaribia kuangukia watu halingoji mipango. Lakini miezi michache tu kabla, Juni 2015, gavana huyohuyo alikuwa amefuta Red Line, reli ya mjini ambayo ingeunganisha magharibi na mashariki mwa Baltimore kupitia katikati ya jiji, na dola milioni 900 zilizotengwa na serikali ya shirikisho kwa mradi huo hazikutumika Baltimore. Mkazi wa upande wa magharibi alipewa kiwanja kitupu mahali palipokuwa na gofu, akanyimwa njia ya kufika kazini. Gavana Wes Moore aliufufua mpango wa reli mwaka 2023, ukiwa umepoteza miaka minane.

Jaribio linalonipa matumaini limefanyika upande wa mashariki. Huko Oliver, na baadaye Johnston Square, BUILD na mshirika wake wa ujenzi, ReBUILD Metro, hawakutapanya nyumba. Walianzia kwenye safu zilizopakana na sehemu iliyo hai, wakakusanya hati za kitalu kizima kabla ya kuanza, wakakamilisha, kisha wakasogea kitalu kinachofuata, na wakazi wa zamani wakiwa mezani tangu mchoro wa kwanza. Idadi ya nyumba tupu Oliver ilishuka kwa kiasi kikubwa. Njia hiyo ni ya polepole na haitoi takwimu za kupendeza katika mwaka wa kwanza, jambo ambalo mfadhili anapaswa kukubali kwa maandishi kabla ya kutoa hundi.

Desemba 2023 Meya Brandon Scott, BUILD na umoja wa wafanyabiashara wa Greater Baltimore Committee walitangaza mpango wa dola bilioni 3 kwa miaka 15 kushughulikia nyumba tupu za jiji, zilizokuwa takribani 13,000, na Oktoba 2024 jimbo likaongeza lengo lake la kushughulikia nyumba 5,000 ndani ya miaka mitano. Sehemu ya fedha za jiji inatokana na hati fungani zitakazolipwa kwa ongezeko la kodi ya majengo, maana yake thamani ikipanda, ongezeko ndilo linalolipa deni. Kwa vitalu vilivyo jirani na sehemu zenye nguvu, hesabu hiyo inaweza kutoka. Kwa moyo wa Sandtown, ambako bei haijapanda hata baada ya ruzuku za awamu ya kwanza, ongezeko halitaonekana kwa miaka mingi, na mpango ukiachwa ufuate soko, vitalu hivyo vitakuwa vya mwisho kwenye foleni. Njia ya kulizuia hilo ni kuvitengea mapema fedha za ruzuku zisizosubiri kodi kupanda, kwa miaka yote 15, chini ya chombo cha wakazi chenye hati za viwanja, na kuchapisha kila mwaka, katika jedwali moja, nyumba zilizokamilika, wakazi walioajiriwa, wakazi waliofungwa, na kiasi ambacho umma umelipia kila kimoja.